Milango ya paneli ya kabati kwa ruta: gundi isiguse paneli

Picha za makabati ya jikoni ndo zinaongoza kwenye status za mafundi siku hizi, na mi sina neno na picha, kazi nzuri, vanishi inang'aa, ila nikiona mlango wa paneli swali langu la kwanza ni moja tu, hiyo paneli ya katikati umeifunga au umeiacha huru? Ukinijibu umeipaka gundi pande zote nne "ili iwe imara" basi mi najua huo mlango una siku zake za kuhesabu, hasa kama nyumba yenyewe iko Dodoma. Nitafika huko.

Mbao hata ikauke vipi haiachi kunywa maji ya hewani. Ikikaa Dar kwenye unyevu inavuta, ukiihamishia sehemu kavu inatoa, ikivuta inatanuka, ikitoa inasinyaa, na vanishi haizuii hilo, inachelewesha tu. Sasa kitu ambacho wengi hawakiangalii ni kwamba haisogei pande zote sawa. Kwenye urefu, yaani kufuata nyuzi, haisogei kiasi cha kukusumbua. Inasogea kwenye upana. Chukua paneli ya mtiki ya upana wa milimita 300, ikiwa imekaa kwenye banda huku pwani maji yake yatakuwa kama asilimia 14 hivi, ipeleke Dodoma mwezi wa tisa au wa kumi, iache mpaka ishuke kwenye asilimia 10, hapo upana umepungua kama milimita 2. Utasema milimita 2 ni nini bwana. Jaribu kuizuia isisinyae hizo milimita 2 ndo utajua, ama paneli inapasuka yenyewe katikati ama inang'oa maungio ya fremu, kimoja lazima kiachie.

Ndo maana mlango wa fremu na paneli upo. Mbao nne nyembamba zinafanya fremu, upana wake ni mdogo kwa hiyo hata zikisogea huoni, halafu paneli pana inakaa katikati kingo zake zikiwa zimezama kwenye mfereji, haijashikwa na chochote, inatanuka na kusinyaa humo humo ndani na mlango kwa nje unabaki saizi ile ile. Na ule mwinamo wa pembeni ya paneli ambao wateja wanaupenda chanzo chake ni hicho hicho, paneli nene haiingii kwenye mfereji mwembamba, inabidi uikondeshe kingo, basi mafundi wa zamani wakaamua kama ni kukondesha tukondeshe kwa uzuri. Ukipita Mji Mkongwe Zanzibar angalia ile milango ya Kigujarati yenye vipaneli vya mraba, pale hakuna ruta (ile mashine ya umeme inayozungusha kisu cha kuchongea mbao) wala umeme, ni msumeno na randa na patasi na mtu mwenye subira.

Sasa Dodoma. Tangu serikali ihamie kule wateja wengi wanatengenezea fanicha Dar halafu zinapakiwa kwenye lori, kwa sababu wamezoea mafundi wao wa huku. Mama mmoja alinitumia picha WhatsApp, makabati ya jikoni ya mtiki, kazi ya fundi mwingine, milango kadhaa paneli zimepasuka kutoka juu mpaka chini, mstari umenyooka kabisa kama umepigwa rula. Nikamwambia mama nipigie picha na upande wa nyuma. Akapiga. Kwa nyuma unaona vichwa vya misumari midogo imepigwa kuzunguka paneli yote na gundi iliyovuja imekauka kwenye kona.

"Mama, hii misumari aliipiga kwa nini?"

"Alisema ndo uimara wenyewe fundi, nisiwe na wasiwasi."

Na kweli alikuwa hana nia mbaya, alitaka iwe imara. Ila kaifunga mbao ambayo kazi yake ni kusogea, na kaitoa Dar kaipeleka kwenye ukame. Mlango mmoja katika ile seti ulikuwa mzima, na ukiangalia vizuri ni ule ambao gundi haikushika vizuri, paneli inacheza ukiisukuma na kidole. Mama akawa anaulalamikia huo ndo mbovu!

Tuje kwenye mbao yenyewe. Mninga ndo mfalme kwenye hili, unasogea kidogo sana ukilinganisha na mbao nyingine, unachongeka vizuri na kingo hazichaniki ovyo, shida ni bei na upatikanaji halali, na vumbi lake siyo la kuchezea, kuna watu linawapa muwasho wa ngozi na wengine linawabana kifua kabisa, kwa hiyo barakoa siyo mapambo. Mkongo nao hausogei sana ila mzito, mlango mkubwa wa mkongo unahitaji bawaba za maana. Mtiki unapatikana wa Longuza kule Muheza, wa Mtibwa, na wa bonde la Kilombero, ni mbao nzuri sana ila ina mambo mawili, moja ina chembe kama za mchanga ndani yake kiasili, zinakula makali, biti (kile kisu cha ruta) ya chuma cha kawaida haifiki popote, tumia yenye meno ya kabaidi. Pili ina mafuta, gundi inaweza ikagoma, so kabla ya kugundisha unafuta sehemu ya kuunganisha kwa kitambaa chenye asitoni au tina kidogo, unaacha ipepee dakika chache, unapaka gundi hapo hapo usisubiri kesho. Paini ya Sao Hill kwa kabati la kupaka rangi iko sawa kabisa, ila chagua zisizo na vifundo kwenye fremu, kifundo kikikutana na biti kinaruka na kinaondoka na kipande cha jirani.

Kuhusu MDF (bodi ya unga wa mbao ulioshindiliwa) iliyochongwa kwa CNC, mashine ya kompyuta, na kuvikwa plastiki, ile ya duka, sina ugomvi nayo, haisogei kama mbao na inatoka imenyooka. Ila karibu na sinki plastiki ikishaachia pembeni maji yakaingia inavimba na hairudi. Kila mtu na mfuko wake.

Ruta sasa. Hapa ndo nataka tukae kidogo maana ndo sehemu ambayo mtu anaweza kupoteza vidole.

Biti ya kulala ya kupigia paneli, ile pana kama kisahani, kipenyo chake ni inchi 3 na robo mpaka inchi 3 na nusu, yaani hiyo ya nusu ni kama milimita 89. Ruta nyingi zinazouzwa bei ya chini hazina kurekebisha spidi, ukiwasha inazunguka elfu ishirini na kitu kwa dakika basi. Tupige hesabu pamoja: milimita 89 mara 3.14 ni kama sentimita 28 kwa mzunguko mmoja. Mara mizunguko 22,000 kwa dakika. Ncha ya jino inakwenda zaidi ya mita 100 kwa sekunde, ukibadilisha ni kama kilomita 369 kwa saa. Biti haikutengenezwa kwenda hivyo. Ukipunguza mpaka mizunguko 10,000 inakuwa kama kilomita 168 kwa saa, na hapo ndo mahali pake, 10,000 mpaka 12,000. Kama ruta yako haipungui spidi usinunue hiyo biti, ni rahisi hivyo, na usimsikilize anayekwambia ye anatumia miaka yote. Na hata ikipungua, biti hii ni ya kwenye meza tu, ruta imefungwa chini na biti inatokeza juu. Usije ukaishika ruta mkononi ikiwa na kitu cha upana huo.

Kwa mwenye ruta ya spidi moja kuna njia nyingine nzuri tu, biti ya kusimama. Hii kipenyo chake ni kama inchi 1 na nusu, mchoro ule ule umesimamishwa, na paneli unaisimamisha wima ukiiegemeza kwenye fensi, ule ubao uliosimama juu ya meza wa kuongozea mbao, badala ya kuilaza mezani. Kipenyo kidogo ncha haikimbii sana. Unachotakiwa ni fensi ndefu kwenda juu, sentimita 20 au zaidi, iliyosimama skwea kabisa na meza, na kibao cha kubana paneli isiinamie nje. Ubaya wake ni kwamba haipigi paneli zenye kichwa cha tao, mistari ya kunyooka tu. Kwa makabati mengi ya jikoni hiyo inatosha.

Shina la biti, chukua la nusu inchi, la robo inchi kwa biti kubwa ni kutafuta balaa. Na hapa kuna mtego wa madukani kwetu: nusu inchi ni milimita 12.7, na kuna ruta zinakuja na koleti, kile kibano kinachoshika shina, ya milimita 12 tupu. Kwa macho havitofautiani. Biti ya 12.7 haiingii kwenye koleti ya 12, na biti ya 12 ukiiweka kwenye koleti ya 12.7 inaingia, inabana kidogo, halafu inakuja kuchomoka katikati ya kazi. Nenda dukani na koleti yako mfukoni ujaribu pale pale. Wakati wa kufunga chomoa waya kwenye soketi kwanza, zamisha shina mpaka chini halafu livute juu kama milimita 2 au 3 ndo ukaze, likigusa chini kabisa huwa linajidanganya limekaza kumbe bado.

Meza siyo lazima ununue. Plaiwudi ya milimita 18 mbili zimebandikwa pamoja, juu yake bodi ya melamini ili mbao iteleze, tundu la kupitisha biti, ruta inaning'inia chini imefungwa kwa skrubu. Fensi iwe vipande viwili ili ufunge au ufungue nafasi kulingana na biti, tundu likibaki kubwa sana mbele ya biti ndogo mbao inadumbukia. Unasukuma kutoka kulia kwenda kushoto, biti iko kwenye fensi mbao inapita mbele yake, hivyo meno yanakuja yakikutana na mbao na wewe unayasukumia. Ukikosea ukasukuma kutoka kushoto, meno yanaidaka mbao yanaivuta na mkono wako unafuata. Usivae glavu. Miwani vaa.

Na umeme jamani. Ukikatika katikati ya kazi kitu cha kwanza ni kuzima swichi ya ruta, kabla hujatafuta simu, kabla hujalalamika. Swichi za ruta nyingi ukiziwasha zinabaki zimewaka, umeme ukirudi mashine inaanza yenyewe na mbao yako imeegemea kwenye meno. Mi kwenye karakana yangu hiyo ndo sheria ya kwanza dogo anafundishwa, kabla hata ya kushika msasa. Nimefunga na swichi ya ukutani pembeni ya meza, kwenye usawa wa goti, unaizima kwa mguu.

Vipimo. Wengi wanakwama hapa kwa sababu fremu inaingiliana, ulimi, ile ncha nyembamba kwenye kichwa cha mbao ya kulala, unazama kwenye mfereji, so urefu wa mbao za kulala siyo ule unaouona kwa nje. Tuchukue mlango wa milimita 400 kwa 600. Mbao za kusimama mbili, kila moja upana 57 na urefu 600 kamili. Mbao za kulala: 400 ukitoa 57 mara mbili unabaki na 286, halafu unaongeza kina cha mfereji pande zote mbili. Biti nyingi za seti zinachimba mfereji wa kina cha milimita 9.5, mara mbili ni 19, unapata 305. Hiyo ndo urefu wa mbao ya kulala. Paneli upana wake ni hiyo hiyo 305 ukitoa nafasi ya kupumua, mi kwa kazi ya Dar natoa 3, inakuwa 302. Kwenda juu: 600 toa 114 ni 486, jumlisha 19 ni 505, toa 2 tu maana kwenye urefu haisogei, 503. Kama mbao imekaushwa sana na mlango unakaa pwani ongeza nafasi maana itatanuka ikifika, kama imetoka na unyevu na inakwenda bara kavu hata 2 zinatosha maana itasinyaa. Usikariri, fikiria mbao inatoka wapi inakwenda wapi. Na kata mbao moja ya kulala kwanza uijaribu kabla hujakata za jiko zima.

Mbao za fremu unene wake milimita 19 au 20, zote zipite kwenye mashine ya kuranda siku moja kwa kipimo kimoja. Hili nalisisitiza. Mbao moja ikiwa nene kwa nusu milimita tu, kwenye maungio utakuwa na ngazi, na ngazi hiyo utakuja kuisaga kwa msasa mpaka uchoke. Mbao iliyojipinda iache, mlango uliojipinda hakuna bawaba ya kuuponya.

Seti ya biti za fremu ni mbili. Moja inapiga urembo na mfereji kwa pamoja kwenye ubavu wa mbao zote nne. Nyingine inapiga vichwa vya mbao za kulala tu, inatoa umbo la kinyume cha ule urembo pamoja na ulimi, ili kichwa kikae juu ya urembo kifunike kabisa. Anza na vichwa. Sababu ni kwamba ukipiga kukatiza nyuzi, mwishoni meno yakitoka yanachana kipande, na ukija kupiga ubavu baadaye hicho kilichochanika kinaondoka. Ukianza na ubavu umejiharibia, mchaniko utabaki pale pale kwenye urembo. Mbao ya kulala usiisukume na mikono mitupu, ni nyembamba, inageuka. Tengeneza kibao cha skwea cha kusukumia, bana mbao juu yake, na nyuma yake weka kipande cha mbao ya kutupwa, meno yatoke kwenye hicho siyo kwenye mlango wa mteja.

Kulinganisha kimo cha biti mbili ndo kunakula muda. Piga ubavu wa kipande cha majaribio kwanza, kilaze mezani pembeni ya biti ya pili, inama macho yawe usawa wa meza, pandisha biti mpaka jino lake la ulimi litazamane na mfereji. Piga, unganisha, pitisha kidole juu ya maungio. Kidole kinajua kuliko macho. Ukisikia ngazi, pandisha au shusha kwa kiasi hicho hicho cha ngazi, rudia. Ikishakaa sawa kile kipande cha majaribio usikitupe, andika juu yake kwa kalamu, toboa tundu kitundike ukutani, kazi nyingine ukija unaweka biti kwa kukifuata. Cha mtiki wa 19 nakitumia mpaka leo kimekuwa cheusi kwa mikono.

Ukiona urembo unaungua unatoka na weusi, ama biti imeisha makali, ama unasukuma taratibu mno au umesimama katikati kubadilisha mkono, ama spidi ni kubwa. Usisimame. Jipange miguu kabla, mbao ndefu inataka utembee nayo.

Paneli. Unaunganisha mbao mbili au tatu kwa gundi ubavu kwa ubavu, hapa ndo gundi ina kazi yake, chagua nyuzi zinazofanana rangi na mwelekeo, ikikauka unaranda mpaka unene unaoutaka. Ukiacha milimita 16 uso wa paneli unakaribia kulingana na uso wa fremu. Ukiacha 19 bila kupunguza nyuma inatokeza mbele, kuna wateja wanapenda hivyo, mi siipendi inakusanya vumbi. Zipo biti zinazokuja na kisu cha nyuma zinapunguza pande zote mbili kwa mpigo mmoja, lakini ni kubwa na zinahitaji ruta yenye nguvu.

Usipige kwa mara moja. Fensi iwe mbele, meno yaonekane kidogo tu, pitisha pande nne, rudisha fensi nyuma kama milimita 3, pitisha tena, hivyo hivyo, na mpigo wa mwisho uwe mwembamba kabisa usiofika hata milimita 1, huo ndo unaotoa uso laini usiohitaji msasa mwingi. Kila mzunguko anza na vichwa, upande unaokatiza nyuzi, halafu malizia na upande wa urefu ufute michaniko ya kona. Kila baada ya mzunguko chukua kipande cha fremu chenye mfereji ukitembeze kwenye kingo ya paneli. Kinatakiwa kiingie kwa kusukuma na kidole gumba, kikihitaji nyundo bado ni nene, kikilegea na kugonga gonga umepitiliza na utakuja kulisikia kabati kila mtu akifunga.

Sasa kitu ambacho wengi wanaruka. Paka rangi au sila (ile ya kuziba mbao kabla ya vanishi) na vanishi kwenye paneli kabla ya kuiunganisha, mpaka kwenye kingo, mpaka mwisho kabisa wa ule ulimi unaozama. Ukiunganisha kwanza ndo upake, rangi inafika pale mfereji unapoanzia tu, halafu kiangazi paneli ikisinyaa inatoka kidogo kwenye mfereji na unaona uzi mweupe wa mbao mbichi umezunguka upande mmoja. Kwenye paneli iliyopakwa nyeupe haionekani sana, ila kwenye rangi ya kahawa au mninga uliopigwa vanishi unaonekana kutoka mlangoni, na mteja atakupigia simu.

Kuunganisha: gundi kidogo kwenye ulimi wa mbao za kulala na ndani ya mfereji mahali pale unapokaa ulimi tu, kwenye kona. Kidogo kweli, ikijaa inasukumwa kwenye mfereji inaifikia paneli na ndo tumerudi kwenye misumari ya Dodoma. Kona za paneli mi napaka nta ya mshumaa kabla, hata gundi ikikosea njia haishiki. Unaweza kuweka vipande vidogo vya mpira laini kwenye mfereji, viwili kila upande, vinaishikilia paneli katikati isigonge lakini inaweza kusogea. Wengine wanapiga pini moja juu na moja chini katikati kabisa ya upana, nayo sawa, paneli inabaki katikati na inatanuka kwenda pande zote mbili. Moja juu moja chini. Siyo kuzunguka.

Klampu mbili, kaza mpaka maungio yafunge basi, ukizidisha mlango unajikunja na utakauka umejikunja. Pima kona kwa kona, mshazari na mshazari, zikitofautiana sogeza klampu iegemee kwenye mshazari ulio mrefu kidogo, pima tena. Laza juu ya kitu kilichonyooka. Kabla gundi haijashika sukuma paneli na kidole uone inacheza. Isipocheza fungua saa hiyo hiyo, kesho hutaweza.

Bawaba za kikombe, zile za milimita 35 zinazozama kwenye tundu la duara nyuma ya mlango, tundu lake kina ni milimita 12 au 13 kwa hiyo kwenye fremu ya 19 unabakiwa na 6 tu, weka alama kwenye biti ya kutobolea usije ukatokeza kwa mbele. Tundu liache milimita 4 kutoka ukingoni, 4 na 35 ni 39, na mfereji unaanzia kwenye 47 na nusu, so tundu haligusi mfereji wala paneli. Wanaofanya fremu nyembamba za 45 kwa ajili ya kuokoa mbao ndo wanakuja kutoboa wanakuta wametokea kwenye mfereji, skrubu haina pa kushika. Kama mteja anataka fremu nyembamba mpe bawaba za kawaida za kupachika ubavuni.

Kuna waliouliza milango yenye kichwa cha tao. Inahitaji kiolezo cha MDF na biti ya beringi, na biti ya kulala siyo ya kusimama, kwa hiyo ruta ya spidi moja hapo imetoka kwenye mchezo. Kwa swali la bei siandiki hapa, inategemea mbao, niandikie inbox na vipimo vya jiko lako na useme uko mkoa gani.